Kutoka Karura na Lamu hadi sebuleni: mwongozo wa kugeuza ulichokiona kuwa chumba

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii ya kubuni mambo ya ndani, nilipaka ukuta wa mteja wa South B, Nairobi, rangi niliyoipenda kuliko zote. Nilikuwa nimetoka Lamu, nimelala siku nne katika nyumba ya mawe yenye ua wa rangi ya waridi iliyopauka, na sikutaka kuondoka. Niliipiga picha, nikaipeleka duka la rangi Industrial Area, wakanichanganyia kopo la lita 4. Tulipaka Jumamosi moja ya Julai. Jumapili asubuhi mama mwenye nyumba akanipigia simu: "Mwanangu, mbona ukuta umekuwa kama maini yaliyochemshwa?"

Nikaenda kuona. Alikuwa amesema kweli.

Sisi wa kazi hii tukiulizwa mawazo yanatoka wapi, jibu ni lile lile: mazingira, safari, sanaa. Jibu si la uongo, ila limeruka sehemu ngumu. Umetembea msituni, umeona lango la kuchongwa, umesimama mbele ya chungu kizuri, sawa. Sasa Jumatatu unamwambia fundi nini? Mwongozo huu unahusu hiyo Jumatatu. Nimewaandikia wabunifu wanaoanza, na yeyote anayetaka kupanga nyumba yake Nairobi bila kunakili zile picha za simu ambazo zimefanya kila sebule kutoka Ruaka hadi Syokimau iwe na kochi la kijivu, dari ya jipsamu na ukanda wa taa za zambarau. Ninachofuata ni kimoja: kitu kikinivutia, natafuta sababu iliyokifanya kiwe hivyo. Naibeba sababu, sura yake naiacha huko huko.

Hatua ya 1: Kijue chumba kabla hujaenda popote

Fungua dira ya simu, simama katikati ya chumba, ujue kila dirisha linatazama wapi. Nairobi iko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, na jambo hilo linavuruga ushauri mwingi ulioandikiwa watu wa Ulaya, ule wa kwamba chumba cha kaskazini ni cha baridi na cha kusini ni cha jua. Hapa kwetu jua la saa sita mchana huegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, na nyakati zote mbili liko juu, nyuzi 65 na zaidi kutoka upeo wa macho. Ukingo mdogo wa zege uliotokeza juu ya dirisha unatosha kulizuia. Madirisha yenye taabu ni ya mashariki na magharibi. Huko jua huja limelala, huingia hadi kwenye kiti na kula rangi ya kitambaa miezi sita tu baada ya kukilipia.

Piga picha za chumba kutoka mahali pamoja saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi, na saa mbili usiku taa zikiwa zimewashwa. Kisha tazama nje, maana katika mji wa ghorofa zilizobanana mwanga wako mwingi haukujii moja kwa moja kutoka angani: umegonga ukuta wa jirani kwanza, ukachukua rangi yake. Hapo ndipo nilipoangukia. Ule ua wa Lamu ulikuwa unapokea jua kali lililopiga kuta nyeupe za chokaa. Sebule ya South B ilikuwa inapokea wingu la Julai lililopiga plasta ya kijivu ya jengo lililo umbali wa mita nne upande wa pili. Rangi kopo moja, mwanga mbali na mbali.

Pima urefu, upana na kimo. Weka alama za soketi, swichi, na upande ambao mlango hufungukia. Pima pia ngazi na kona zake. Nimeshaona kochi la watu watatu likivutwa kwa kamba hadi roshani ya ghorofa ya nne, majirani wote chini wakitoa ushauri.

Mwisho, zungumza na mwenye nyumba. Usimuulize anapenda mtindo gani, atakutajia neno aliloliona mahali. Muulize sakafu ya nyumba aliyokulia ilikuwaje. Muulize mgeni akija huketishwa wapi, na nani huamka kwanza.

Hatua ya 2: Nenda msituni ukahesabu rangi

Karura, msitu ulio ndani ya Nairobi, ina takriban hekta 1,000, na bado ipo kwa kuwa watu waliipigania. Wangari Maathai alijeruhiwa huko Januari 1999 alipokwenda na wenzake kupanda miti, wakati ardhi ya msitu ilikuwa ikigawiwa wajenzi. Kwa heshima hiyo, usichume kitu. Panga chini yaliyokwisha kuanguka, yapige picha, uyaache.

Beba vitu vitatu: kadi za rangi ambazo maduka ya rangi hutoa bure, kalamu, na karatasi uliyochora miraba 20. Nenda mapema, simama mahali pamoja, ujaze miraba kwa kadiri ya wingi wa kila rangi unayoiona, ukiilinganisha na kadi papo hapo. Usitegemee kamera ya simu, kwa sababu huongeza kijani na buluu ili picha ipendeze.

Karatasi zangu nyingi hutoka hivi: miraba 12 au 13 ni kahawia na kijivu, yaani magome, udongo, majani makavu na vivuli. Kijani huchukua mitano au sita, na ni vijani vitatu au vinne tofauti. Rangi kali, ua jekundu au bawa la kipepeo, haijazi hata mraba mmoja. Chuoni tulifundishwa kugawa rangi za chumba asilimia 60, 30 na 10. Si kanuni mbaya, ila msitu ni bahili zaidi, na ubahili huo ndio unaotuliza. Anayetaka "sebule ya msitu" kisha akapaka ukuta kijani, akanunua kochi la kijani na karatasi ya ukutani yenye majani makubwa amechukua sura. Sababu ya msitu kutulia ni ule wingi wa rangi zisizopiga kelele.

Kiswahili chenyewe kitakusaidia hapa. Rangi zetu nyingi ni vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu, damu ya mzee haihitaji maelezo. Mteja akisema anataka "kijani", muulize jani gani. La mgomba likiwa changa? La mkahawa, lile zito linalong'aa? La mwarobaini lililoshika vumbi? Kwa swali hilo moja nimewahi kuokoa wiki mbili za kubishana juu ya kadi.

Baada ya rangi, mguso. Weka karatasi nyembamba juu ya gogo lililoanguka, usugue kwa kalamu ya nta hadi michirizi itokee. Utaona magome mengine yana mistari ya wima iliyokaribiana, mengine yana magamba ya ukubwa wa kiganja. Karatasi hiyo mfumaji wa mkeka au fundi wa plasta ataielewa kuliko maneno yako kumi. Karura utaukuta pia muhugu, mti mgumu ambao wachongaji waliupenda hadi ukaadimika misituni. Ukiagiza kinyago au bakuli siku hizi, uliza kama kuna cha mwarobaini au mwembe.

Asiyefika Karura ana Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Na Oktoba hata msitu hauhitajiki, jakaranda hutandika zulia barabarani. Likague lile zulia: zambarau haikai peke yake, iko juu ya lami ya kijivu, na ndiyo maana inavumilika.

Kuhusu mimea ya ndani sina mengi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Kwa hiyo kabla hujanunua ua la plastiki, geuza kiti kiutazame mti ulioko nje, hata kama ni mmoja na ni wa jirani.

Hatua ya 3: Safiri na utepe wa kupimia

Picha hukuonyesha kitu kilivyo. Utepe hukulazimisha kuuliza kwa nini.

Nirudi Lamu, maana nilikwenda tena, safari hiyo kwa akili zaidi. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu hupiga picha milango yake tu. Mimi nilianza kupima vyumba. Vyote virefu, vyote vyembamba, upana ukizunguka mita mbili na nusu, mara chache kufikia tatu. Nikamwendea mzee mmoja fundi aliyekuwa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuuliza. Vyumba hivi mbona vyembamba hivi, na watu walikuwa na uwezo?"

Akanyosha kidole darini. "Pima mti ule. Mkoko haukui hadi ufike utakako wewe. Tungekuwa na mti mrefu, tungejenga ukumbi."

Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, na urefu wake ndio ulioamua upana wa maisha ya watu. Kuta nene za matumbawe na chokaa, mwanga mdogo, chumba chembamba: hiyo ndiyo hali waliyopewa. Kisha tazama walichoifanyia. Viti na vitanda vilifuata ukuta mrefu, katikati pakabaki wazi. Mapambo hayakutapanywa kila mahali, yalikusanywa pale jicho linapoishia, kwenye zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu na kuwekwa vyombo vya kaure. Kila kidaka kina kivuli chake, na vivuli hivyo huufanya ukuta uonekane una kina hata chumba kikiwa na giza.

Sasa fikiria sebule ya fleti ya Nairobi yenye mita 2.9 kwa 6. Kila mtu hupambana na huo wembamba: kochi huku, kochi kule, meza katikati, na magoti yanagongana. Mteja wangu mmoja wa Kileleshwa alikuwa na sebule ya aina hiyo hiyo. Tulijenga benchi moja refu kama baraza upande mmoja, kimo sentimita 42, kina sentimita 55, na mito ya kuegemea. Ukuta wa mwisho tukauwekea kabati la mbao lenye vishubaka vyenye kina cha sentimita 18 tu, tukalipaka rangi ile ile ya ukuta. Hatukuweka lango la kuchongwa wala jahazi dogo juu ya meza. Mama yake alipotoka Mombasa kumtembelea aliketi, akatazama huku na huku, akasema hapa pananikumbusha mahali.

Charlotte Perriand, mbunifu Mfaransa, alialikwa Japani mwaka 1940 kuishauri serikali kuhusu bidhaa za viwandani. Huko alikitengeneza upya kiti chake cha kujilaza, ambacho Ufaransa kilikuwa cha mabomba ya chuma, safari hii kwa mianzi. Mlalo wa mwili ulibaki, kilichobadilika ni mahali na mikono ya mafundi. Mimi humtaja kila mteja anaporudi Bali na picha mia mbili.

Si lazima safari iwe ndefu. Magadi ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, na huko utaona nyeupe ya magadi ikikutana na waridi ya maji na kahawia ya miamba bila mpaka mkali, somo la namna ya kuunganisha kuta mbili. Tabaka, Kisii, utaona jiwe la sabuni likichongwa likiwa na maji, kisha likisuguliwa kwa msasa na kutiwa nta. Ukiona linavyokwaruzika kirahisi, hutaliweka tena juu ya kaunta ya jikoni, utalipa kazi ya bakuli, kinara, au vipini vya kabati la chumbani. Na kama safari ya mbali ni shida mwezi huu, African Heritage House iko karibu na Mlolongo, ikitazama Mbuga ya Nairobi. Marehemu Alan Donovan aliijenga akichota kwenye nyumba za udongo za Afrika Magharibi na za pwani yetu. Iangalie ujifunze, na pia ubishane nayo.

Kwa siku moja ya safari, jiwekee vitu vitano tu. Kila kimoja: kipimo chake, kimetengenezwa kwa kitu gani, nani hukitengeneza, kinazuia au kinaleta nini, na mwenyewe anakiitaje. Hili la jina usilidharau. Ukijua kinaitwa kidaka, utamkuta fundi anayekijua. Na nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, piga hodi na uombe ruhusa kabla ya kutoa kamera.

Hatua ya 4: Tazama kazi moja ya sanaa kwa nusu saa

Wanafunzi wangu wa mazoezi huchukia hatua hii. Nawapeleka Nairobi Gallery, lile jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya serikali, ambalo sasa lina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Kila mmoja anachagua kitu kimoja na kukaa nacho dakika 30 bila simu. Dakika tano za kwanza ni za kuchoka. Baada ya kumi unaanza kuona kingo. Baada ya ishirini unaona nafasi tupu inayokizunguka.

Kwa nafasi tupu, mwalimu wangu ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuishi Uingereza. Vyungu vyake havitumii gurudumu: hujengwa kwa mkono, husuguliwa hadi ving'ae bila kupakwa tabaka la kioo juu. Vikichomwa moto wenye hewa ya kutosha hutoka na wekundu wa machungwa, na vikichomwa tena hewa ikiwa imebanwa huwa vyeusi. Udongo mmoja, rangi mbili, tofauti ni hewa. Ukishaelewa hilo, utaacha kununua vitu kumi na viwili vya kujaza rafu. Kimoja chenye umbo safi, kikiachiwa sentimita 40 za utupu kila upande, kinafanya kazi kubwa zaidi.

Msanii wetu Rosemary Karuga naye alikata karatasi za kufungia sabuni na unga akazigeuza kuwa picha za watu na wanyama. Mteja akiniambia bajeti imeisha, humkumbuka.

Na usidharau nganya, zile matatu zilizopambwa. Wabunifu wetu wengi wanaijua sanaa ya Milano kuliko ya matatu ya Rongai wanayopanda kila siku. Simaanishi uweke spika kumi na nne sebuleni. Angalia jinsi taa zilivyofichwa ukingoni mwa dari ili chombo chembamba kionekane kirefu, na jinsi herufi zinavyofuata mkunjo wa bati.

Leso ndiyo shule niipendayo zaidi, na iko Biashara Street kwa bei ya kila mtu. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni pana na hulizuia jicho lisitoke nje, mji ndio wenye picha kubwa, na jina ndilo neno lililoandikwa. Vyumba vingi vinavyochosha vina mji bila pindo, kila kitu kinapiga kelele hadi ukutani. Zulia lenye ukingo, ukanda wa mbao chini ya dirisha, au pazia lenye rangi nzito pembeni, hilo ni pindo. Ila soma jina kabla ya kushona. Nimewahi kuketishwa kwenye mto wa kochi ulioandikwa "Mgeni siku mbili", mwenyeji wangu akiwa hana habari.

Nunua sanaa kabla ya kochi, si baada. Majumba ya sanaa ya Nairobi kama Circle Art na One Off yatakuruhusu kutazama bila kununua siku ya kwanza. Kunakili picha ya mtu na kuichapisha kwenye turubai ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalijua hilo. Michoro na nakshi za jamii nazo zina sheria yake ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi. Ukitaka kutumia nakshi ya shanga za Kimaasai kwenye mazulia ya hoteli, zungumza na wenyewe na uwalipe.

Hatua ya 5: Panga ubao, kisha utupe nusu

Chukua kadibodi ya A2. Bandika vitu halisi: kipande cha kitambaa, kipande cha mbao, kadi ya rangi, uzi wa mkonge, michirizi yako ya gome. Kila kitu kiwe na ukubwa unaolingana na nafasi yake chumbani. Kama ukuta ndio mwingi, rangi yake ichukue ubao mwingi. Simamisha ubao ndani ya chumba husika, si mezani kwako, kwa siku mbili.

Halafu toa nusu. Kinachobaki kieleze kwa sentensi moja yenye sababu. Ile ya Kileleshwa ilikuwa: "Chumba chembamba kinachokubali wembamba wake, watu pembeni, vivuli mwishoni." Kitu kisichoitii sentensi, hata kiwe kizuri namna gani, kinarudi dukani.

Hatua ya 6: Mpelekee fundi

Rangi kwanza. Usipake ukutani. Paka kadibodi ya sentimita 60 kwa 60 mikono miwili, yaani mara mbili, uihamishe ukuta hadi ukuta kwa zile nyakati nne za hatua ya kwanza. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo ukuta wa mita 4 kwa 2.7 unataka lita mbili hivi kwa mikono miwili.

Balbu zina uwezo wa kuharibu kazi yote hii. Soma boksi: 2700K ni mwanga wa manjano wa jioni, 4000K uko katikati, 6500K ni ule mweupe wa duka la dawa. Sebuleni na vyumbani weka 2700 au 3000, jikoni 4000. Usichanganye kwenye chumba kimoja. Vikapu vya Kariokor hufanya vifuniko vizuri vya taa, lakini kwa balbu za LED tu, zile za zamani zenye joto zitakuunguzia mkonge.

Pazia ni hesabu. Dirisha la sentimita 240 linataka fimbo ya 280 ili pazia likifunguliwa lisimeze mwanga. Zidisha mara mbili na nusu upate mikunjo, utapata mita 7. Kitambaa chenye kimo cha 280 utanunua mita 7. Kile cha upana wa 150 kitataka vipande vitano, kila kimoja mita 2.8 pamoja na upindo, jumla mita 14. Nenda Eastleigh na namba hizi umeziandika, kwa sababu muuzaji naye ana zake.

Mbao ndiyo penye kilio. "Fundi, hii imekauka?" "Imekauka kabisa, bosi." Miezi mitatu baadaye milango ya kabati imejikunja kama chapati. Siku hizi nina kipima unyevu cha pini mbili, na mbao ya kabati ikizidi asilimia 12 au 13 hatuanzi. Iwe saiprasi, iwe mgrevilea, iwe mahogani, kipimo ni kile kile. Mpe fundi mchoro wenye vipimo kwa milimita, umwombe atengeneze kona moja tu kwanza, uilipie. Kona hiyo itakuonyesha unene wa ukingo, rangi ya vanishi na ukweli wa fundi. Malipo yagawe kwa hatua za kazi, si kwa siku.

Tena msikilize. Nilimpelekea fundi wa chuma wa Kamukunji mchoro wa kiti nilioutoa kwenye mti wa mgumo, miguu ikigawanyika kama mizizi yake. Akaugeuza karatasi juu chini, akasema, "Hii miguu itatoboa kapeti. Mizizi ya mti haiishii kwenye ncha, inalala." Alikuwa ameutazama mgumo vizuri kuliko mimi. Tuliilaza.

Vipimo vichache vya kubandika ukutani kwako: kati ya kochi na meza sentimita 40 hadi 45, njia ya kupita angalau 90, katikati ya picha 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kwenye nyumba yenye benchi la chini, shusha picha kidogo, maana watu wataitazama wameketi.

Hatua ya 7: Rudi baada ya mwezi

Nenda bila kamera. Angalia ni kiti gani kimechakaa, wapi viatu vinavuliwa, kitu gani kimehamishwa. Kilichohamishwa usikirudishe. Mwenye nyumba amekusahihisha.

Ule ukuta wa South B tuliupaka upya nyeupe yenye manjano kidogo, kwa gharama yangu. Rangi iliyobaki, lita mbili hivi, jirani yake wa chini aliiomba akapaka nayo vyungu vya sukuma wiki kwenye veranda ya mashariki. Nilipita pale asubuhi moja ya Januari, saa mbili, jua likiwa limevilalia. Waridi iliyopauka, ile ile ya Lamu.